Enzi ya Lewa

Mdogo wangu alikwenda Japani kwa wiki chache kujifunza mambo ya umwagiliaji, akarudi na mfalme mzima kichwani. Maji hatukuyaona. Bonde letu hapa Ulemo lina kiu ileile, na mifereji aliyotuchorea vumbini kwa kijiti ilifukuliwa na kuku kabla jua halijazama. Lakini habari za Wajapani tulimwagiliwa mpaka zikatutokea puani. Alianza kuinama anapowaamkia wazee, wazee nao wakampa pole ya mgongo. Alianza kuwasifia watu wanaofika kwa wakati, na aliwasifia huku yeye mwenyewe amechelewa na ugali umepoa. Alitufundisha kuvua viatu mlangoni, sisi ambao tulikua bila viatu vya kuvua.

Kijijini wakamwita Mjapani. Wengi walimwita hivyo kwa heshima, mimi kwa sababu zangu.

Mimi ni dada yake mkubwa. Nimefundisha Kiswahili sekondari mpaka nikastaafu, na ule ugonjwa wa kusahihisha watu haukustaafu pamoja nami. Huyu bwana nilimbeba mgongoni, nikamfundisha kupenga kamasi. Hata hivyo baba yetu alipofariki, yeye ndiye aliyekalia kiti chake, kwa kuwa ni mwanamume. Mimi niliachiwa haki ya kupika na ya kunung'unika, na siku hizi kupika nimepunguza.

Binti yangu alijifungua wakati alizeti zinaanza kuinamisha vichwa. Mtoto wa kike, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti ya kuita watu wa kijiji cha pili. Baba wa mtoto hana kazi katika habari hii, na kwa ninavyomjua hana kazi popote. Kwa hiyo suala la jina lilirudi kwetu, yaani lilirudi kwa Mjapani. Msichana aliyeleta mtoto nyumbani bila mahari hana sauti mbele ya wakubwa. Anatakiwa akae kwenye mkeka, ainamishe macho, ashukuru kwamba hakufukuzwa. Ndivyo tulivyo, na sioni haja ya kutupamba.

Binti yangu alitaka kitu kimoja tu: mtoto arithi jina la bibi yake, mama yangu mimi. Aliniambia pale pale kituo cha afya, kabla hata hajamaliza uji.

"Mama, huyu ni bibi. Mimi namwita bibi."

Mama yangu alifariki wakati mimba hiyo ikiwa changa, na yeye ndiye aliyemlea binti yangu. Nilipopangiwa kufundisha Rungwa, kule mwisho kabisa wa mkoa, kwenye pori na mizinga ya nyuki, nyumba ya mwalimu haikuwa hata na mlango wa kufunga. Mtoto nilimwacha kwa bibi yake. Nilikuwa nikija likizo na dumu la asali, mtoto ananiamkia shikamoo kwa adabu kama anavyomwamkia mgeni, halafu anarudi kujificha kwenye kanga ya bibi. Siku mama alipozikwa, binti yangu ndiye aliyelia kama aliyefiwa na mama mzazi. Mimi nililia kidogo, nikiwa napokea wageni.

Shida ilikuwa jina lenyewe. Jina la mama yangu, kwa Kinyiramba, maana yake ni njaa.

Ndiyo, njaa. Alizaliwa mwaka wa njaa. Baba yake aliangalia ghala tupu, akaangalia mtoto, akaona hana sababu ya kutafuta jina mbali. Kwetu hilo halikuwa la ajabu. Wapo walioitwa kwa mvua, kwa nzige, kwa safari, kwa msiba. Na mama aliishi na jina lake bila aibu yoyote, akilichezea hata kwa Kiswahili. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tukimwona anatoka shambani, tunapiga kelele, "Njaa imekuja!" Yeye alikuwa akitua kuni chini, anatunyooshea kidole. "Semeni Njaa amekuja. Siku ile nyingine ikija, mtaona tofauti." Ngeli ya watu na ngeli ya vitu nilifundishwa na mama yangu akiwa na jasho usoni, na nilipofika chuo cha ualimu niliona wananirudia.

Miaka nayo aliipa majina. Kuhesabu kwa tarakimu hakukumpendeza, kwa hiyo kila mwaka ukishapita aliuita jambo lililotokea. Palikuwa na Mwaka wa Kwelea, ndege walipomaliza uwele wote shambani. Palikuwa na Mwaka wa Lori, lori la mahindi lilipopinduka korongoni na watu wakaokota mahindi mpaka yakaanza kuota. Mdogo wangu alizaliwa Mwaka wa Lori, na jambo hilo lilimuuma maisha yake yote. Mtu yeyote akimuuliza mama umri wa kijana wake aliyesoma, mama anajibu kwa fahari, "Huyu wa Mwaka wa Lori," na kijana aliyesoma anatazama pembeni.

Ila mama hakuwa na haraka. Mwaka ukiwa katikati, ukimuuliza unaitwaje, alikuwa akicheka. "Haujaisha, unaupaje jina? Ngoja tuuone kwanza."

Mimi mwenyewe sikulitaka jina la njaa. Kumwita mjukuu hivyo, siku hizi ambapo watoto wa jirani wanaitwa majina ya kwenye televisheni! Nilimwambia binti yangu, "Tutaona." Yeye alinijua. Tutaona ya mzazi ni hapana iliyovaa nguo nzuri.

Mjapani alikuja siku ya pili yake, tukiwa tumesharudi nyumbani, amechelewa.

"Shikamoo mjomba," binti yangu akasema kutoka mkekani.

"Marahaba, mwanangu. Hongera sana." Akainama kidogo. Akakaa kwenye kiti cha baba, akakunja miguu, nikajua leo tutakula habari. "Dada, suala la jina la huyu mtoto nimelifikiria kwa upana. Wenzetu hawatoi jina hivi hivi."

Na akaanza. Huko Japani, alisema, kila mfalme ana jina la enzi yake, na miaka inahesabiwa kwa jina hilo. Zamani wasomi wa ikulu walipekua vitabu vya kale vya Kichina, wakachagua herufi mbili zenye maana ya heri, wakayapeleka majina waliyoyatunga mbele ya wakubwa. Wakubwa wakagawana: huyu alishambulie jina, yule alitetee, kwa taratibu maalumu, mpaka likabaki linalofaa, nalo likapelekwa kwa mfalme kupata kibali. Enzi mpya ilikuja na mfalme mpya. Lakini pia ilikuja nchi ikipatwa na balaa: tetemeko, ndui, njaa, moto, nyota yenye mkia. Balaa likiingia, jina linatupwa, linatafutwa lingine la heri zaidi. Au wakiona ishara njema. Aliwahi kupatikana kobe mweupe, akapelekwa kwa mfalme, enzi ikabadilishwa jina.

"Kwa ajili ya kobe?" nikauliza.

"Kobe mweupe, dada."

Hapa kwetu kobe akipita uani hata mbuzi haachi kutafuna. Nilijaribu kuwaza watu wazima, wenye ndevu na majoho, wamefunga milango, wanabishana kwa sababu ya kobe. Nikaona raha, nisiseme uongo. Niliona kumbe upuuzi una vyeo.

"Siku hizi wameacha hayo," akaendelea haraka. "Mfalme mmoja, jina moja. Na hili la sasa wamelitoa kwenye mashairi yao wenyewe ya kale, si ya Kichina. Wajumbe walifungiwa ndani, simu zikakusanywa, jina lisivuje. Halafu ofisa akatoka mbele ya dunia nzima, akainua ubao wenye maandishi. Reiwa! Upatanifu mzuri." Akanyamaza ili tushangae. "Sisi, dada, tunawapa watoto majina ya balaa. Njaa, nzige, lori." Neno lori alilitema. "Tunamfunga mtoto kwenye shida iliyokwisha kupita. Wenzetu wanatanguliza tumaini. Ndiyo maana wako pale walipo. Huyu mtoto ataitwa Reiwa."

Binti yangu hakunyanyua macho. Alivuta kanga, akamfunika mtoto uso.

Baadaye nilisoma kwenye simu yangu kwamba hilo jina, lilipotangazwa, hata huko kwao wapo waliokuna vichwa, kwa kuwa ile herufi ya kwanza inasomeka pia amri. Amri na upatanifu. Hapo nikaelewa kwa nini lilimkaa vizuri mdogo wangu. Ndiyo siasa yake nyumbani: anaamuru, nasi tunapatana.

Siku ya kumtoa mtoto nje tulichinja jogoo, tukasonga ugali wa uwele, tukapika mlenda. Majirani walijaa uani. Mjapani alikuwa amekata kifuniko cha boksi la biskuti, ameandika kwa kalamu nene herufi mbili za Kijapani, na alipoona watu wameshanawa mikono na kuanza kula alisimama akakiinua juu kwa mikono yote miwili. Watu wakaacha kula kwa adabu. Hakuna hata mmoja pale ambaye angejua kama ameandika upatanifu mzuri au ameandika bei ya vitunguu. Upepo wa kwetu, ambao haumjui mkubwa, ukakipindua kifuniko, tukasoma upande wa pili kwamba biskuti zina maziwa.

"Anaitwa Reiwa," akatangaza.

Shangazi yetu, dada wa marehemu baba, mzee kuliko wote pale, akaacha mfupa wake. "Anaitwa nani?"

"Reiwa, shangazi."

"Lewa?"

"Rei-wa."

"Ndiyo," shangazi akasema kwa subira, "Lewa. Nimesikia. Nani kamlevya?"

Sisi Wanyiramba na herufi r hatujawahi kuelewana. Ndugu zetu Wanyaturu wanazo za kutosha na hawatugawii. Ukituletea redio tunafungua ledio, ukituletea rais tunampigia makofi laisi. Wasomi tunazisugua hizo r tukiwa bwenini, tukiogopa kuchekwa, na tukizipata tunazitunza kwa hofu. Mdogo wangu alisugua ya kwake miaka yote ya sekondari. Mtu wa namna hiyo alitakiwa kujua, kabla ya mtu yeyote, kitakachotokea jina lile likishuka kutoka kwenye boksi na kuingia kwenye vinywa vya Ulemo. Hakujua. Alilichagua kwa macho. Masikio hakuyaita kikaoni.

Basi mtoto akawa Lewa. Wanawake waliokuja na kuni na uji waliuliza, "Lewa ameamka?" Vijana wa bodaboda wakipita, "Lewa polepole!" Nyumba yetu ni ya watu wa kanisa, baba hakuwahi kugusa hata togwa iliyolala, na sasa mlevi maarufu wa kijiji alisimama kwenye lango letu mchana kweupe akasema amekuja kumwona mwenzake. Nilimfukuza na fagio, kisha nikacheka ndani peke yangu mpaka nikakaa chini.

"Watazoea," Mjapani alisema. Alikuwa amekwenda Singida mjini kumnunulia mtoto blanketi, na mama mwenye duka, Mhindi wa siku nyingi pale, alifurahi sana kusikia jina. Akasema huko kwa wazee wake ni jina la mto mtakatifu. Mjapani hakufurahi. Alitaka lisikike la Kijapani tu, na dunia nzima ilikuwa inalisikia inavyotaka.

Binti yangu hakulitamka hata siku moja. Akimwosha, "bibi, funga macho." Akimnyonyesha, "bibi, taratibu." Mjomba wake alipokuwa karibu alisema "mtoto," basi. Nililiona hilo na nikajifanya sikuliona. Moyo wangu ulikuwa unauma kwa ajili yake, lakini nikijiuliza ni jina gani nitalipigania, nilijikuta sina. Nilikuwa hodari wa kulidharau la mwingine tu.

Na mtoto alilia. Alilia asubuhi, alilia jioni, alilia akinyonya na akiacha. Shangazi alikuja akamweka mapajani, akamsikiliza kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari.

"Analilia jina," akakata kauli.

Kwa wasioyajua haya: mtoto akilia bila kunyamaza, wazee husema jina alilopewa silo, kuna marehemu anadai lake. Wanataja majina ya ukoo moja moja, na lile litakalomnyamazisha ndilo. Binti yangu alimtazama shangazi kwa matumaini yaliyonichoma. Mjapani alikuwa mlangoni akivua viatu.

"Shangazi, samahani, huo ni ushirikina. Jina haliumizi tumbo la mtu."

Hapo alisema kweli, kwa bahati mbaya yake. Binti yangu alimpeleka mtoto zahanati, akaambiwa ni gesi, akafundishwa namna ya kumfanya abeue. Lakini lile neno ushirikina lilinikaa kooni. Nilikwenda kukamua alizeti, na pale mashineni foleni ni ndefu na kelele ni nyingi, mtu hana la kufanya ila kushika simu. Nikaanza kuwasoma hao Wajapani wake. Nilitafuta silaha, sifichi.

Niliipata. Zamani sana, zaidi ya miaka mia saba iliyopita, waliwahi kuwa na enzi iliyoitwa Ryakunin. Wasomi walikaa, wakapekua, wakapigana kwa hoja, wakatoka na herufi mbili tukufu: moja ya kalenda, nyingine ya utu wema. Katika maandishi lilikuwa jina safi kabisa. Kisha likatoka nje ya ikulu, likaingia masikioni mwa watu, na watu, inasimuliwa, wakasikia kitu kingine. Kwa sauti tu, lilisikika kama kuwapunguza watu, kuwaondoa duniani. Wakati ule watu walikuwa wanakufa kweli, na minong'ono ikaenea kwamba jina lenyewe ndilo linalowafuta. Enzi haikumaliza hata miezi mitatu. Wakubwa wakarudi kikaoni kimya kimya, wakatafuta lingine.

Nilicheka pale mashineni mpaka mwenye mashine akadhani namcheka yeye. Wasomi wa ikulu nzima, na vitabu vyao, hawakuona aibu iliyokuwa inawasubiri mdomoni mwa mchuuzi wa kwanza. Lewa! Waliwahi kupata Lewa yao, na nchi nzima ikalilia jina.

Jumapili tulikula pamoja. Nilisubiri Mjapani amege tonge.

"Mdogo wangu, nimesoma habari za wale wenzetu. Kumbe nchi ikilia, wanabadilisha jina."

"Zamani, dada."

"Tetemeko likitikisa, jina. Ndui ikiingia, jina. Shangazi akifanya hivyo kwa mtoto mmoja ni ushirikina. Mfalme akifanya hivyo kwa nchi nzima ni ustaarabu. Nielimishe, tofauti ni majoho?"

Akaacha kutafuna. Nikamsimulia ile enzi fupi, yote, na sikumpunguzia hata kidogo. Nilimweleza jinsi ilivyoandikwa vizuri na kusikika vibaya. Nilimuuliza kama katika zile wiki chache walimficha hilo. Binti yangu alikuwa anagawa mlenda, na mkono wake ulisimama hewani.

"Mjomba," akasema polepole. Ilikuwa mara ya kwanza azungumzie jina mbele yake. "Kama nao walibadilisha, basi nasi tunaweza. Naomba apewe jina la bibi."

Mjapani aligeuka. Usoni alikuwa ameshakuwa mwekundu kwa hasira, na hasira ndiyo adui wa ile r yake ya bwenini.

"Njaa? Nimwite mtoto Njaa mimi? Katika nyumba yangu jina hilo ni malufuku!"

Hakuna aliyecheka. Shangazi alitazama bakuli. Binti yangu aliweka mwiko chini, akaomba samahani, akaenda chumbani, nasi tukasikia mtoto anaanza kulia na mama yake hamnyamazishi. Mimi nilikuwa nimeshinda mabishano na nimempotezea mwanangu alichokuwa anakitaka. Nilimwanika mwanamume mbele ya chakula chake, halafu nikashangaa amekaza shingo. Ushindi ule ulikuwa mchungu kama dawa ya malaria.

Ubatizo ulipangwa baada ya mavuno. Jina la ubatizo likishatamkwa ndilo linaloandikwa kila mahali, na binti yangu alijua hivyo vizuri. Wiki ile hakula. Aliifua nguo nyeupe ya mtoto, akaipiga pasi ya mkaa, akaikunja, akaikunjua akaipiga tena. Nilimwambia asijali, nyumbani tutamwita tunavyotaka. Alinitazama kwa upole ulioniudhi.

"Mama, wewe jina lako unaitwa nyumbani tu?"

Kanisani tulikaa benchi la mbele. Binti yangu alikuwa ameshasimamishwa mbele ya waumini miezi michache kabla, kutubu kosa ambalo alilitenda na mtu mwingine, ila huyo mwingine hakuitwa. Kwa hiyo alikaa ukingoni. Aliyesimama na mtoto mbele ya mchungaji ni Mjapani, ndani ya koti lake la safari, shingo imebanwa na tai. Mchungaji wetu ni Mnyaturu wa upande wa Mgori, mtu mpole, na r zake ni za kuzaliwa nazo. Nadhani hilo ndilo lililomtisha mdogo wangu. Au ni kanisa lote lililokuwa limenyoosha masikio, maana kila mtu alikuwa anasubiri kuona jina hilo litaingiaje patakatifu.

Mchungaji alichovya mkono kwenye maji. "Mtoto huyu anaitwa nani?"

Mjapani akainama. Mtoto akashtuka kwa kuinamishwa, akapiga ukelele. Mjapani akanyooka, akafungua mdomo, na miaka yote ya bweni ikamtoroka.

"Lewa," akasema, kwa sauti safi ya Ulemo.

"Nani?"

"Lewa!"

Kicheko kilianzia benchi la kwaya. Kilishuka kikapanda, wazee wakajifanya wanakohoa, watoto hawakujifanya kitu. Mchungaji alishusha mkono, maji yakamchuruzika kwenye joho. Mdogo wangu alisimama pale na mtoto anayelia, akijaribu tena, midomo ikicheza, na haikutoka. Niliyesubiri siku hiyo kwa hamu nilikuwa mimi, na nilipoiona sikuipenda. Nilimwona yule mtoto wa Mwaka wa Lori, anatazama pembeni, hana pa kujificha.

Binti yangu akainuka kutoka ukingoni. Hakuomba ruhusa. Alimchukua mtoto kutoka mikononi mwa mjomba wake, taratibu, kama mtu anayempokea mwenzake mzigo, na mjomba akauachia. Kisha akalitaja jina la mama yangu, lote, kwa Kinyiramba, kwa sauti ya kufika mlangoni.

Kicheko kilikatika. Kila aliyekuwa mle ndani alijua maana yake.

"Ni jina la nani hilo?" mchungaji akauliza.

"La bibi aliyenilea."

Mchungaji alimtazama kidogo. "Namjua," akasema. "Mimi ndiye niliyemzika." Akachovya tena mkono kwenye maji, akalitamka jina lile mara tatu pamoja na maneno yake ya ibada, na kutoka mabenchi ya nyuma shangazi akapiga kigelegele chembamba, kilichokatika kwa kukosa pumzi.

Mtoto aliendelea kulia. Niseme hilo ili shangazi asije akajipa sifa: alilia kabla ya maji, alilia baada ya maji, alilia njia nzima ya kurudi nyumbani. Gesi haijui Kinyiramba wala Kijapani.

Nyumbani tuliandaa chakula, watu wakala, wakaondoka na ya kusimulia. Mjapani hakugusa kitu. Alikaa kwenye kiti cha baba, tai imelegea, amevua viatu kwa mazoea. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, yamepangwa tayari, nikayameza.

"Haya," akasema mwishowe, si kwa mtu maalumu. "Mmeshinda. Njaa imeingia nyumbani."

Binti yangu alikuwa mkekani ananyonyesha. Mtoto aliachia titi, akabeua kwa nguvu kama mzee aliyetoka kwenye karamu, akalala mdomo wazi. Binti yangu alimpangusa kidevu kwa pindo la kanga. Alimjibu mjomba wake kwa adabu, bila kunyanyua sauti.

"Hapana, mjomba. Njaa ameshiba."

Nimesahihisha watu maisha yangu yote. Nilikwenda jikoni, nikajifungia, nikamlilia mama yangu.